Kwa mwezi au kwa mwaka? Kwa kijana anayetaka kuwa wakili wa mawasiliano

Mwaka 2012 kijiko cha mkandarasi wa barabara kilichimba mtaro mahali kisipotakiwa kuchimba, kikakata faiba, na mteja wangu akakaa bila intaneti saa sita nzima. Ilikuwa siku ya kazi. Wafanyakazi wake wakatoka kunywa chai, wakarudi, wakatoka tena. Kesho yake asubuhi akanipigia na furaha ya mtu anayejua atalipwa: "Wakili, si tuliandika mtandao uwe hewani asilimia 99.9 ya muda? Waandikie barua."

Nikaandika, tena kali. Tukaitwa kikao. Wakili wa upande wa pili alikaa kimya, akamwachia injinia wao, kijana wa shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Akauliza swali moja tu: "Kwa mwezi au kwa mwaka?"

Sikumwelewa. Akatoa simu, akafungua kikokotoo. Mwaka una saa 8,760. Sehemu moja ya elfu, yaani muda ambao mtandao unaruhusiwa kukatika, ni saa 8 na dakika 45. "Mtandao ulikatika saa sita. Kwa hiyo bado tuna akiba ya saa mbili na dakika arobaini na tano mpaka Desemba," akasema, wala hakuwa anatania. Lau mkataba ungesema "kwa kila mwezi", siku thelathini zina dakika 43,200, na sehemu moja ya elfu ni dakika 43. Pale tungedai na tungelipwa. Mkataba haukusema. Na mkataba ule niliupitia mimi. Siku mbili nilibishana kuhusu usuluhishi ufanyike mji gani na kwa sheria ya nchi gani; mstari wa 99.9 niliupita kama mtu anavyopita kibao cha barabara ya kwao.

Nilikumbuka kikao kile wiki iliyopita, alipokuja ofisini kijana aliyemaliza Law School na anasubiri kuapishwa. Alikuja na faili la plastiki lenye vyeti saba, vyote vya kozi za mtandaoni: 5G, akili unde, sarafu za kidijitali, usalama wa mtandao. Akaniuliza aongeze kipi ili awe wakili wa mawasiliano. Nikamuuliza: asilimia 99.9 ya mwezi ni dakika ngapi? Akacheka akidhani ni utani. Tukakaa mpaka jioni, na mengi ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, ukiacha yale ya njaa ya miaka mitatu ya mwanzo, ambayo kila wakili atayajua kwa wakati wake.

Kwanza, kazi yenyewe. Watu wanafikiri tunashinda mahakamani tukitetea walioandika vitu mtandaoni. Kesi za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 zipo, lakini kwangu ni sehemu ndogo. Siku nyingi nipo kwenye karatasi za leseni, mikataba ya mitandao kupeana huduma, viwanja vya minara, na barua za kwenda na kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sheria mama ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Isome na kanuni zake zote, kwa sababu sheria inakupa mifupa, nyama iko kwenye kanuni.

Leseni zetu tangu 2005 hazifuati teknolojia, zinafuata tabaka: miundombinu, huduma za mtandao, huduma tumizi (zile zinazomfikia mteja wa mwisho, kama kumuuzia intaneti), na maudhui. Maneno hayo yanasomeka kirahisi mpaka mteja aje na biashara yake. Mmoja alikuja anataka kuuza intaneti kwenye maghorofa ya kupangisha. "Nanunua kwa jumla, nauza kwa rejareja, kama mchele tu." Nikamwomba achore. Alichora nyaya zinatoka wapi, nguzo za nani, ruta ya nani, na nani anamtoza mpangaji. Kwenye mchoro ule nikaona nyaya kati ya jengo na jengo alizivuta yeye mwenyewe, jambo ambalo katika maelezo yake yote ya mdomo hakulitaja. Mchele ukageuka miundombinu. Tangu hapo sianzi faili la leseni bila mchoro, hata uwe wa kalamu nyuma ya bahasha.

(Na kama mteja ana redio Unguja, usikimbilie mlango uliouzoea. Posta na simu ni mambo ya Muungano, utangazaji siyo. Kule kuna Tume ya Utangazaji Zanzibar. Nimewahi kumwona wakili wa bara akiligundua hilo akiwa ameshapanda boti.)

Sasa mwingiliano wa mitandao, ambao ndio shule yangu halisi. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako unaulipa mtandao wa unayempigia kwa kila dakika. Bei hiyo inapangwa na Mamlaka. Mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60, ikashushwa mwaka hadi mwaka, na kufika 2022 ikawa shilingi 2. Chukua mtandao mdogo ambao wateja wake wanapiga nje dakika milioni tano kwa mwezi na kupokea milioni mbili. Tofauti ni milioni tatu. Kwa bei ya 2018 anadaiwa shilingi milioni 46.8, kwa bei ya 2022, milioni 6. Kwa hiyo mkubwa na mdogo walipokuwa wakivutana juu ya bei hiyo, kila mmoja alikuwa anatetea kitabu chake cha hesabu, na wakili asiyejua simu nyingi zinaelekea upande gani hawezi kujua mteja wake anataka nini.

Kuna kesi moja ya namna hiyo iliyonifundisha kuliko darasa lolote. Kampuni mbili, sitazitaja, zilikuwa hazikubaliani kuhusu ankara za kila mwezi. Tofauti haikuwa kubwa, lakini haikuisha: mwezi huu huyu anazidisha, mwezi ujao anapunguza. Barua zilikuwa zimeshaanza kutaja udanganyifu. Nikaomba tuone kumbukumbu ghafi za simu za siku ya mwisho ya mwezi, nikakaa na binti wa idara ya mapato tukazipanga mstari kwa mstari. Mtambo wa upande mmoja ulikuwa unaandika saa za Afrika Mashariki, wa upande wa pili saa ya dunia, ambayo iko nyuma kwa saa tatu. Simu zote zilizopigwa kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri ya tarehe moja zilikuwa za mwezi mpya huku, na za mwezi uliokwisha kule. Na huo ulikuwa wakati wa vifurushi vya usiku, wapenzi wanaongea mpaka kuku awike. Hakuna aliyeiba. Mkataba ulikuwa na kurasa themanini na hakuna palipoandikwa tunatumia saa ipi.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda darasani. Nilijiandikisha kozi ya jioni ya misingi ya mitandao, miezi mitatu, mimi na vijana waliokuwa wakiniita "mama" kwa heshima na kunicheka kwa heshima pia. Kugawanya anwani za IP kulinishinda mtihani wa kwanza. Nikarudia, nikapita. Sikutoka pale injinia, na sikuwa nataka. Nilitoka nikijua kuuliza.

Mfano wa kuuliza. Kwenye mikataba ya kujenga mtandao huwa kuna kiwango cha mawimbi ambacho mjenzi lazima akifikishe ndipo alipwe, kinaandikwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, na ni namba hasi. Rasimu ya kwanza ilisema -95. Rasimu ya mwisho, iliyoletwa saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, ilisema -105. Mwenzangu aliyekuwa akilinganisha rasimu alidhani ni marekebisho madogo, kama bei kusogea kutoka 95 kwenda 105. Lakini desibeli hazihesabiki kama machungwa. Ukipunguza 3, nguvu inakuwa nusu. Ukipunguza 10, inabaki moja ya kumi. Yaani mteja wetu alikuwa anaombwa apokee mawimbi yenye nguvu moja ya kumi ya yale aliyoyalipia. Nikampigia injinia wa mteja, alikuwa kwenye foleni ya Ubungo. Alitukana kidogo, kisha akasema usisaini.

Jifunze hiyo. Jifunze pia kwa nini masafa ya Megahezi 700 yanafika mbali na kupenya ukuta kuliko ya 3500, kwa sababu mteja anayetaka kufikia vijiji vya Rukwa na anayetaka kubeba msongamano wa Kariakoo hawahitaji bidhaa moja, ingawa wote watakuambia "tunataka masafa". Soma na ramani za nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika siku moja upande wa pwani ya Afrika Kusini, na nchi nzima ikaliona. Wiki iliyofuata nilikuwa na wateja waliokasirika kwelikweli, kwa sababu walikuwa wamenunua intaneti kwa kampuni mbili tofauti ili mmoja akikatika mwingine abaki. Kampuni zilikuwa mbili kweli. Njia ya chini ya bahari ilikuwa moja, kuelekea kusini. Wauzaji wakatoa kifungu cha nguvu isiyozuilika, kile kinachomsamehe aliyeshindwa kwa jambo lililo nje ya uwezo wake, na kwa jinsi kilivyoandikwa, walikuwa na haki. Siku hizi sikubali neno "njia mbadala" kwenye mkataba bila ramani iliyosainiwa kama kiambatisho, yenye jina la kila waya na mahali unapotokea ufukweni.

Turudi kwenye vyeti, maana kijana wangu alikuwa bado ameshika faili lake.

Cheti kina faida, sisemi hakina. Kinakupa msamiati, na mainjinia wanakulegezea wakiona umejitesa. Shahada ya uzamili ya sheria ya teknolojia ni nzuri ukipata ada. Ulinzi wa taarifa binafsi siku hizi hauukwepi. Sheria yake ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kila kampuni ya simu inakaa juu ya rundo la alama za vidole za wateja tangu usajili wa laini uliokuwa na foleni mpaka Januari 2020. Lakini ukiniuliza nimwajiri mwenye vyeti saba au aliyekaa siku tatu na mafundi wa mnara akiwabebea maji, namchukua wa pili, halafu namlipia cheti kimoja.

Na uwe makini na unavyojieleza. Kuna mawakili wameanza kujiita "injinia-wakili" kwenye wasifu wao. Nchi hii ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kujiita mhandisi bila kusajiliwa ni kosa la kisheria. Wakili wa kunaswa kwa hilo atasimama mbele ya hakimu aseme nini? Andika ulichosoma, wapi, mwaka gani, basi. Kanuni zetu za maadili nazo hazipendi wakili anayejinadi kama dawa ya mende.

Kosa jingine nililifanya kwa mkono wangu. Nikiwa bado na joto la kozi, mteja alilalamika kwamba kasi anayopewa siyo aliyonunua. Nikaenda mwenyewe na kompyuta yangu, nikapima mara kumi na mbili kwa siku mbili, nikaweka kwenye jedwali zuri la rangi. Wakili wa upande wa pili alipoliona aliuliza kwa upole kama nitapanda kizimbani kulieleza. Nikipanda, mimi ni shahidi, na shahidi haendeshi kesi. Nisipopanda, jedwali halina mama wala baba. Nilifuta siku mbili zangu, mteja akalipa mtaalamu wa kupima upya. Kwa hiyo wewe jua kipimo kinavyofanyika, jua kumhoji aliyekipima, jua kuuliza kifaa kilikuwa sawa na kumbukumbu zilihifadhiwa na nani, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki unaanguka hapohapo. Kupima mwachie mwenye kazi yake.

Kijana aliniuliza kama aanzie kampuni ya simu, ofisi ya mawakili au Mamlaka. Ningekuwa yeye ningeanza kampuni ya simu, idara yoyote, hata ya malalamiko ya wateja. Pale utamjua injinia anayekujibu usiku, na huyo ni mtaji. Yule wa kalamu mbili mfukoni, aliyenifedhehesha 2012, ndiye ninayempigia mpaka leo. Alishaacha ile kampuni. Kila nikimtumia mkataba anajibu kwa swali kabla ya salamu.

Cheti changu cha mitandao nacho kilikuwa cha miaka mitatu, kikaisha, sikukihuisha. Mstari wake nimeufuta kwenye wasifu wangu. Fremu bado iko ukutani ofisini, nyuma yake kuna ufa ambao mwenye nyumba ameahidi kuuziba.