Kidonda cha mama tulikikausha kwa miezi mitatu

Kila asubuhi nilimsafisha mama kidonda cha unyayo kwa spiriti, kisha namkalisha barazani kipigwe na upepo. Kisukari kimemwondolea hisia miguuni. Msumari ulipenya kandambili asubuhi, akaja kujua jioni alipoona damu sakafuni. Nikibandua shashi iliyogandamana, inatoka na nyama mbichi. Yeye hasikii kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Baada ya miezi hiyo mitatu nilimpeleka kliniki ya kisukari, na muuguzi akanikataza spiriti siku hiyo hiyo. Ngozi mpya haitambai juu ya ukoko mkavu, inataka unyevu. Mtafiti George Winter alilionyesha hilo tangu 1962 kwa vidonda vya nguruwe. Muuguzi akapaka haidrojeli, ute mzito mwangavu kama wa bamia, ambao sehemu kubwa ni maji. Ute huo hukipa maji kidonda kikavu na kulainisha nyama iliyokufa mpaka iachie. Akafunika kwa bandeji. Tukawa tunabadilisha kila baada ya siku mbili, tukisuuza kwa maji ya chumvi ya hospitali. Siku ya sita ukoko wa njano ulikuwa umelegea, chini yake pekundu, pabichi. Shashi ilitoka bila kung'ang'ania.

Ila usikimbilie duka la dawa ukapaka kila kidonda. Kinachotoa maji mengi hakihitaji jeli. Sisi tuliendelea nayo maji yalipozidi, ngozi ya pembeni ikawa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Muuguzi akaiondoa, akaweka bandeji ya sponji inayofyonza. Na kidole kilichokauka kikawa cheusi kwa kukosa damu usikiloweshe hata kidogo. Mpeleke mgonjwa hospitali. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu mbaya, homa au wekundu unaopanda mguuni. Usisubiri kesho.

Halafu kuna kukanyaga. Mama alikuwa anaamka usiku kwenda chooni na kukanyagia palepale, kazi yote inaharibika. Alipopata kiatu maalumu cha kuondoa uzito kwenye kidonda, tukamwekea na ndoo chumbani, sukari tukaipima kila asubuhi, ndipo kikaanza kupungua kweli. Kilifunga wiki ya kumi na nne tangu tuache spiriti.

Mpaka leo, kila jioni naipakata miguu yake nikiwa na tochi, napitisha kidole katikati ya vidole vyake. Kandambili nazikung'uta kabla hajavaa.