Deni la muuzaji lilipwe kabla hajashika pesa

Lubumbashi

Mwanangu,

Umeniuliza juu ya ile apartimenti ya katikati ya mji: mwenye kuiuza hajalipa michango ya jengo anayoikusanya sindiki, yaani msimamizi wa jengo, karibu miaka miwili, naye anasema, "Nipe pesa kwanza, nitamalizana na sindiki baadaye." Usikubali. Nunua ukitaka, ila deni litoke kwenye bei yenyewe, siku ile ile ya sahihi.

Ni kweli, deni ni la aliyelifanya. Lakini jenereta, pampu na walinzi havitamfuata huko anakohamia. Sindiki akikata, atakata kwako, na wewe ndiye utakayeogea ndoo ukimtafuta mtu asiyeshika tena simu.

Anza kwa sindiki. Nenda pamoja na muuzaji, au na barua yake ya kukuruhusu, uombe hali ya akaunti kwa maandishi: mwezi kwa mwezi, kilichodaiwa, kilicholipwa, faini na baki, pamoja na tarehe, sahihi na muhuri. Risiti anazokuonyesha muuzaji hazitoshi. Risiti ya Machi haithibitishi kwamba Januari na Februari zililipwa. Halafu uliza neno ambalo wanunuzi wengi husahau: kuna kazi gani wenye jengo wamekwisha kuzikubali lakini pesa yake haijakusanywa? Paa, tangi, pampu mpya. Akaunti inaweza kuonyesha sifuri leo, na mwezi ujao ukaletewa fakturi, yaani bili, ya paa. Kwangu mimi, kazi iliyoamuliwa kabla ya mauzo ni ya muuzaji, na mkataba useme hivyo waziwazi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme bei ni dola 48,000 na mchango ni dola 75 kwa mwezi. Miezi 22 ni 1,650. Fungu lake la paa ni 400. Mkipeana funguo tarehe 18 ya mwezi wa siku 30, siku moja ni dola 2.50, basi siku zake 18 ni 45; siku 12 zinazobaki, dola 30, ni zako. Jumla ya deni lake ni 2,095. Hiyo inakwenda moja kwa moja benki kwenye akaunti ya jengo, si mkononi mwa sindiki, nawe unabaki na karatasi ya benki. Toa tena dola 500 zikae kwa avoka, yaani wakili, siku 90, kwa sababu fakturi za mwisho huchelewa. Muuzaji anapokea 45,405. Migawanyo yote iandikwe kwenye mkataba kabla ya kwenda kwa notere, anayethibitisha mikataba.

Akisema sindiki alimzidishia, huo ni ugomvi wao. Pesa inayobishaniwa ikae kwa avoka mpaka wapatane. Na sindiki akikataa kuandika chochote, jua vitabu vyake havieleweki: ongeza kiasi cha kuzuia, au achana na hiyo nyumba.

SNEL ya umeme na REGIDESO ya maji usiwaache. Chukua fakturi ya mwisho, linganisha namba ya mita na ile iliyo ukutani, kisha uulize deni ofisini kwao wenyewe. Kama mita ni ya kulipia kabla, bado uliza; fakturi za zamani zinaweza kuwa zimebaki. Siku ya funguo piga picha ya mita zote, na abonema, yaani mkataba wa umeme na maji, ibadilishwe jina upesi.

Mwisho, cheti cha uandikishaji, yaani hati ya nyumba. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali. Sisi tuna konsesyo tu, yaani haki ya kuitumia. Kama anayeuza ni kampuni, yake ni konsesyo ya muda, kwa kawaida miaka 25 inayoweza kurudiwa: angalia imebaki miaka mingapi na kama kodi ya kila mwaka kwa Serikali imelipwa, maana hilo nalo ni deni. Kwa konservateri, ofisa anayetunza hati hizo, uliza pia kama kuna ipoteki, yaani rehani, au pingamizi. Kodi ya majengo inayolipwa kwa jimbo, dai risiti zake.

Hali ya akaunti ichukuliwe upya asubuhi ya sahihi, kwa kuwa ile ya wiki tatu nyuma imekwisha kuzeeka. Nitumie picha yake kabla hujaweka sahihi.

Mama yako