Dubu wa mpwa wangu na magunia ya korosho

Mpwa wangu alininunia jioni nzima kwa sababu ya dubu. Tulikuwa kibarazani kwangu Mikindani tunacheza Magic, mchezo wa kadi uliopo tangu 1993. Alikuwa na dubu wa 2/2, yaani nguvu 2, uimara 2. Nikamrushia Lightning Bolt, madhara 3. Kabla kadi yangu haijafanya kazi akajibu kwa Giant Growth, dubu akawa 5/5 hadi mwisho wa zamu. Akapona. Zamu ilipoisha nikaanza ujuaji: nyongeza imeondoka, uimara umerudi 2, madhara ni 3, basi huyo maiti. Nikamzika dubu kwa mkono wangu.

Kumbe mwisho wa zamu madhara yanafutwa papo hapo nyongeza inapoisha, vyote kwa pamoja. Hakuna hata nukta moja ambayo dubu anabaki 2/2 mwenye madhara 3. Nililigundua hilo wiki mbili baadaye, na kumwomba radhi mtoto wa darasa la saba si kazi ndogo.

Ila kinachowatesa wengi ni kujibizana. Mimi nilielewa nilipofikiria ghala msimu wa korosho: gunia lililopangwa mwisho liko juu, na ndilo linaloshuka kwanza. Kadi ni vivyo hivyo, ya mwisho kuchezwa ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Sasa geuza. Aanze yeye na Giant Growth, mimi nijibu kwa Lightning Bolt. Yangu iko juu, dubu anakufa akiwa bado 2/2, na Giant Growth inabaki haina wa kumkuza. Kadi zilezile! Kwa hiyo ukiwa na Giant Growth usiwe na papara, subiri mwenzako arushe yake kwanza. Na mkiwa wageni wa mchezo, zipangeni kadi mezani moja juu ya nyingine kwelikweli, msitegemee kichwa. Programu ya simu inakupangia yenyewe, lakini haikuelezi kwa nini umepigwa.

Kanuni kamili zina kurasa zaidi ya 200. Usizisome zote, utachukia mchezo. Tafuta neno lililoandikwa kwenye kadi yako tu. Kadi moja ikiruhusu na nyingine ikikataza, katazo ndilo linashinda. Hata kiumbe asiyeangamizika anakwenda kaburini uimara wake ukifika 0, maana hapo hajaangamizwa, ameisha tu.

Juzi mpwa wangu kalipiza. Kaja na kiumbe wa 6/6 mwenye mguso wa mauti na uwezo wa kukanyaga, yaani madhara yanayozidi ya kumuua anayemzuia yananipata mimi. Nikamzuia kwa wangu wa 5/5, nikihesabu itanipata 1. "Mjomba, kwa mguso wa mauti 1 inatosha kumuua huyo wako. Wewe unakula 5." Nikafungua kanuni kwenye simu, nikasoma mara mbili. Nilikuwa nimebakiza maisha 4.