Kabla hujapanda ndege kwenda kujitolea Ujerumani

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea, kaeni kwanza na familia zenu mzungumze habari ya fedha. Fanyeni hivyo kabla ya viza na kabla ya kutafuta koti la baridi. Mimi sikufanya, na miezi mitatu ya kwanza sikulala vizuri.

Siku niliyoondoka walikuja watu kumi na mmoja uwanja wa ndege kunisindikiza. Wote walijua naenda Ulaya. Kujitolea ni nini, hakuna aliyejua, kwa kuwa sikuwaeleza. Wiki ya pili simu zikaanza: ada ya mdogo wangu, mabati ya mjomba, dawa za bibi. Mimi nilikuwa na chumba, chakula, bima ya afya na posho kidogo ya matumizi, basi. Nilijibana hadi nikakosa nauli ya treni ya kwenda kuwaona Watanzania wenzangu mji wa jirani, na bado nyumbani nikaonekana mchoyo. Kwa hiyo itisha kikao. Awepo mama, awepo baba, awepo na yule mjomba ambaye ukoo mzima unamsikiliza. Waambie: nitafanya kazi mwaka mmoja, mshahara hakuna, hela ya kutuma nyumbani haitakuwepo. Wasikie wote kwa pamoja, ili baadaye asitokee wa kusema hakuambiwa.

Wengi wetu tunapitia weltwärts, mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wa Kijerumani huku kwetu. Mwaka 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili, na sisi tukaanza kupokelewa kule. Umri ni miaka 18 hadi 28. Shirika la hapa nyumbani ndilo linalokuchagua, na shirika mbia la Ujerumani ndilo linalokupokea. Ukifika, mara nyingi unaingizwa kwenye Bundesfreiwilligendienst, utumishi wa kujitolea ulioanzishwa Julai 2011 Wajerumani walipositisha jeshi la lazima. Vijana wao wenyewe wanaufanya, kwa hiyo mtakuwa bega kwa bega. Mtu akikuomba fedha ya kukushikia nafasi na hawezi kukutajia mashirika hayo mawili, achana naye. Na mkataba usome wote. Angalia saa za kazi, likizo, na siku za semina, ambazo kwa mwaka mzima hazitakiwi kupungua 25. Kituo kikikwambia leo kuna kazi nyingi, usiende semina, hiyo siyo hiari yao.

Sasa lugha. Hapa nawasihi sana. Nilisoma Kijerumani miezi minne nikajiona nimeiva. Siku ya tatu kazini, kwenye makao ya wazee, msimamizi akaniambia kesho nifike “halb acht”. Halb ni nusu, acht ni nane. Nikatokea saa mbili na nusu asubuhi nimejipanga vizuri. Wenzangu walikuwa wamenisubiri saa nzima, kwa sababu Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea saa ya mbele: alimaanisha saa moja na nusu. Na sisi wenye saa zetu za Kiswahili tuna kazi mbili, kutafsiri maneno na kutafsiri saa yenyewe. Nilichojifunza ni kurudia ninachoambiwa: “Yaani 7:30?” Kutikisa kichwa kwa heshima huku hujaelewa, kama tunavyofanya mbele ya mkubwa, kule kunaleta madhara. Ukikosea dawa ya mzee kwa sababu uliona haya kuuliza, haya hiyo haitamsaidia.

Kwenye heshima pia nilijikwaa. Mama mmoja wa miaka tisini nilimwita Oma, bibi, nikidhani namheshimu. Akaniambia kwa upole kwamba yeye siyo bibi yangu. Kule mzee anaitwa Frau (Bi) au Herr (Bwana) pamoja na jina la ukoo, na unamwambia Sie, yaani “wewe” ya heshima, siyo du, “wewe” ya watu waliozoeana, mpaka mwenyewe akuruhusu. Niliposhika hilo, yeye ndiye aliyenifundisha lugha kuliko mwalimu yeyote, kila jioni wakati wa mkate na chai.

Desemba ni ngumu. Jua linazama saa kumi na kitu, na asubuhi saa mbili bado giza. Usijifungie chumbani. Nenda kwaya, nenda mpirani, popote penye watu. Ukiona mambo yanakuzidi, mtafute msimamizi wako wa shirika mapema. Rafiki yangu aliwekwa mahali alipokuwa anadeki sakafu tu kutwa nzima. Alivumilia miezi mitano, na aliposema, alihamishwa ndani ya wiki tatu.

Mwisho wa mwaka una haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoitwa Zeugnis. Kiombe mwezi mmoja kabla ya kuondoka, na uombe kiandikwe kazi zako kwa kina: uliwalisha wazee, uliwaogesha, uliandika taarifa za zamu. Cha kwangu kilikuwa na mistari miwili, nikarudi nacho Dar es Salaam, na kila nilipopeleka maombi ya kazi waliniuliza mwaka mzima nilikuwa nafanya nini.