Namba moja, herufi tofauti: Lancaster ya R5868 ipakwe vipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa. Pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi tunachonga, kwa mbao za paini za Mufindi, mfano wa Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili, kwa kipimo cha 1:72. Nimepata picha mbili zenye namba ileile, R5868, lakini ubavuni moja ina herufi OL-Q na nyingine PO-S. Ipi ni sahihi?

Jibu: Mwalimu, zote mbili ni sahihi, ila ni za nyakati tofauti. Namba R5868 ilikuwa ya ndege yenyewe na haikubadilika, ilhali herufi zilikuwa za kikosi: mbili za kwanza zilitambulisha kikosi, na ya tatu ndege mojawapo ndani yake. OL ni Kikosi cha 83, ambako ndege hii ilianza kazi mwaka 1942. PO ni Kikosi cha 467 cha Australia, ilikohamia mwaka 1943. Kwa hiyo chagueni kwanza mwezi na mwaka, ndipo mshike brashi, kwa sababu karibu kila kitu kingine kinafuata tarehe hiyo.

Tarehe yenyewe itafuteni katika vitabu vya kumbukumbu za safari za vikosi, vilivyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, kwenye fungu la AIR 27, ambavyo pia husomeka mtandaoni. Fomu ya 541 huonyesha, kwa kila usiku, namba ya ndege, majina ya wahudumu wake, saa ya kuruka na saa ya kurudi. Makarani waliojaza fomu hizo walikuwa wamechoka kama watu wengine wa vita, na tarakimu moja iliyokosewa huweza kuipeleka ndege mahali isikowahi kufika. Basi linganisheni na kadi za uhamisho wa ndege, na pale inapowezekana na daftari la safari la rubani.

Picha nazo zahitaji tahadhari. Baadhi ya filamu za wakati ule zilionyesha rangi nyekundu kama nyeusi, hivyo msidhani kuwa herufi zilikuwa nyeusi: kwa kawaida, kuanzia mwaka 1942, zilipakwa nyekundu iliyofifia. Juu ndege ilikuwa ya kijani iliyokolea na kahawia, chini na ubavuni nyeusi. Tena, R5868 ipo hadi leo katika Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, Hendon, London, na wengi huinakili jinsi ilivyo. Mimi singefanya hivyo, kwa kuwa ndege iliyokarabatiwa kwa maonyesho si shahidi mzuri wa usiku mmoja wa vita.

Kuhusu vipimo, mabawa ya mita 31.09 yatakuwa sentimita 43.2. Uzito wa paini usiwasumbue, maana mfano huu haurushwi.

Mkichagua PO-S ya mwaka 1944, hesabuni mabomu madogo yaliyochorwa puani, moja kwa kila safari, katika picha ya mwezi mliouchagua. Hadi mwisho wa vita ndege hii ilihesabiwa safari 137. Mkiyachora yote wakati picha yenu ni ya katikati ya mwaka huo, mtakuwa mmeipa safari ambazo ilikuwa bado haijaziruka.