Tafuta walio hai: tanzia ya babu ilivyonifikisha Tabora

Babu yangu alifariki mwaka 1984. Kuhusu ndugu zake, nyanya alikuwa na jibu moja tu, na alilirudia kila nilipomuuliza: "Alikuwa na mdogo wake, akachukuliwa na reli." Kwetu Voi, kuchukuliwa na reli si kugongwa na gari moshi. Ni kuajiriwa, kupewa nyumba ya kota, kisha kuhamishwa stesheni baada ya stesheni. Lakini huyu alihamishiwa wapi? Mzee mmoja alisema Moshi, mwingine akasema Kampala, na wa tatu akaapa kwamba alikufa zamani, hata kabla ya uhuru.

Jibu lilikuwa gazetini, katika toleo la wiki ile ile tuliyomzika babu. Nililipata nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Tangu hapo nimewasaidia jamaa na majirani kadhaa kuwatafuta watu wao kwa njia hiyo hiyo, na ushauri wangu wa kwanza kwao huwa mmoja: unapofungua tanzia, usiishie kwa marehemu. Yeye unamjua tayari. Soma majina ya waliobaki, neno kwa neno, kwa sababu hao ndio watakaokupeleka mbele.

Anayeyafahamu matangazo ya vifo ya magazeti ya Kenya anajua jinsi yanavyosheheni watu. Marehemu ni mwana wa fulani na fulani, wote wawili wakiwa marehemu, wa kijiji fulani. Ni mume wa fulani. Ni baba wa hawa, na kila mmoja ameandikiwa anakofanya kazi kwenye mabano. Ni kaka wa wale, shemeji wa wale wengine, babu wa wajukuu kumi na wanne. Kisha inatajwa nyumba wanakokutana watu kila jioni kupanga mazishi, kanisa au msikiti, saa ya msafara kuondoka mochari, na shamba atakakozikwa. Vizazi vitatu au vinne vimo katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja.

Kwa familia nyingi za Kiafrika hicho ndicho kipande pekee kilichoandikwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo iliwabana Wazungu tangu 1904 na Waasia tangu 1906, lakini kwa Waafrika ilianza mwaka 1963, tena Nairobi na Nyeri tu, ikaenea hatua kwa hatua hadi kufika nchi nzima mwaka 1971. Kama bibi yako alizikwa kijijini mwaka 1965, huenda ofisi ya serikali haina karatasi yake hata moja. Mwanawe aliyekuwa karani Nairobi, huenda alilipia tangazo.

Nieleze nilivyolipata la babu, maana nilikaribia kulikosa.

Nilikuwa na tarehe ya kifo kutoka kwenye msalaba wa kaburini. Nikaenda maktaba, nikaomba magazeti ya mwezi ule, nikaletewa jalada zito la kurasa zilizoshonwa pamoja, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Siku ya kwanza baada ya kifo, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya nne nikamwona: picha ndogo ya babu akiwa na tai, ile ile iliyokuwa ukutani kwa nyanya, na chini yake maneno ya Kiingereza. Nilisoma nikitetemeka. Wazazi wake, mkewe, watoto wake saba, kila mmoja na mahali pake. Nilipofika sehemu ya ndugu, kona ya ukurasa ilikuwa imechanika. Neno la mwisho lilikatika katikati.

Nilipiga picha, nikafunga jalada, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mama mmoja aliyehudumu pale akaniuliza kama nimepata. Nikamwonyesha ile kona. Akaniambia kwa upole, "Tazama la kesho yake. Walikuwa wanarudia."

Kweli, la kesho yake lilikuwepo, zima. Nilidhani ni lile lile hadi nilipolinganisha mstari kwa mstari. La pili lilikuwa na jina moja zaidi. Baada ya dada zake wawili wa Sagalla, jirani na Voi, palikuwa na kaka, na kwenye mabano herufi tatu na mji mmoja: TRC, Tabora.

Nilikaa na kurasa mbili mbele yangu nikizifunua huku na huku. Kati ya siku ile na ya pili yake, kuna mtu aliyekwenda dirishani pa ofisi ya gazeti akaomba jina liongezwe. Nilipomuuliza shangazi yangu mkubwa, alinyamaza kidogo, akasema, "Ni mama. Alisoma la kwanza akasema hatamzika mume wake kama mtu asiye na ndugu. Alimtuma kaka yenu mjini usiku ule ule." Kumbe nyanya alijua jina la mji siku ile, na miaka ilivyozidi kwenda likamtoka, likabaki reli peke yake.

Kwa hiyo usitosheke na toleo moja. Tangazo la kwanza mara nyingi huandikwa kwa haraka na yeyote aliye mjini. La pili na la tatu hurekebishwa na wenye uchungu. Anza siku ya kifo, endelea angalau wiki tatu, kwa sababu mazishi yalingoja watu wafike na fedha zichangwe. Baada ya hapo tafuta tangazo la shukrani, ambamo familia hutaja waajiri, vyama, hospitali na makanisa yaliyowasaidia. Na kama tarehe ya kifo huijui kabisa, geukia matangazo ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, miaka mitano au kumi. Hayo mara nyingi hutaja tarehe kamili ya kuzaliwa na ya kufariki, nawe unarudi nyuma ukiwa na pa kuanzia.

Zile herufi tatu ndizo zilizonifungulia njia. TRC ni Shirika la Reli Tanzania, lililozaliwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli iliyokuwa moja ikagawanywa kwa nchi tatu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo huo, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Babu mdogo alikuwa upande wa pili mpaka unapofungwa, na babu alifariki miezi michache tu baada ya kufunguliwa. Ukiuona huo mfuatano unaelewa kwa nini watoto wa babu waliokuwa mjini hawakumtaja baba yao mdogo: walikuwa wamekua bila kumwona. Basi usiruke vifupisho vilivyo kwenye mabano. KPA, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, haikuwepo kabla ya 1978. Aliyetajwa kuwa wa EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, alikuwa kazini enzi reli na bandari ni shirika moja, kabla ya kutenganishwa mwaka 1969. Kifupisho kinakupa mwajiri, na mwajiri anakupa mji, chama cha wastaafu, na mara nyingine mtaa wenyewe.

Kuhusu majina, nenda nayo polepole. Sisi Wataita tuna majina yenye ng', na wachapaji wa zamani waliangusha ile alama ya juu bila kusita, Mwang'ombe akawa Mwangombe. Jina la ubatizo huandikwa kamili siku moja na kwa herufi moja siku nyingine. Mwanamke aliyeolewa hutajwa kwa jina la mumewe peke yake, kana kwamba alizaliwa siku ya harusi, na hapo ndipo shina zima la ukoo hupotea. Andika kwenye daftari lako kila namna jina linavyoweza kuandikwa kabla hujafungua jalada la kwanza.

Maneno ya ujamaa yanahitaji uangalifu zaidi. Lugha zetu zina baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, na kila mmoja ana nafasi yake. Kiingereza cha gazeti huwaminya wote kwenye neno moja. Na kinyume chake, mtoto wa baba mdogo huandikwa kaka, kwa sababu kwetu ni kaka. Nimewahi kuchora ukoo wa rafiki yangu wenye kaka tisa wa marehemu, mpaka mjomba wake akatutenganishia: wanne ni wa mama mmoja, watatu wa mama mdogo, wawili ni binamu waliolelewa nyumba ile. Hakuna kilichokuwa uongo. Ila gazeti lisingetosha bila mzee.

Na kuna walioachwa nje. Tangazo huandikwa na mwenye kulipa, na mwenye kulipa ana upande. Kenya nzima inakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986: mjane wake Wambui alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, na mwili ukangoja hadi Mei 23, 1987, ulipozikwa Nyalgunga baada ya mahakama kuamua. Hiyo ilifika mahakamani. Zilizo nyingi huishia gazetini kimya kimya, kwa matangazo mawili ya mtu mmoja, kila moja na mke wake na mahali pake pa kuzikia. Ukikutana na mawili, yahifadhi yote mawili. Usichague lililo la upande wenu.

Msaada mwingine ambao watu wengi hawaujui ni gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, ambalo limekuwa likichapishwa tangu 1899. Humo mahakama hutangaza maombi ya kusimamia mali ya marehemu: jina lake, siku na mahali alipofariki, na jina la mwombaji pamoja na uhusiano wao, kama mjane au mwana. Matoleo mengi yamewekwa kwenye intaneti bure, na unaweza kutafuta kwa jina ukiwa nyumbani na simu yako. Mara nyingi mimi huanza hapo ili nipate tarehe, ndipo niende maktaba.

Maktaba zenyewe ni hizi nilizoona watu wakifanikiwa: Maktaba ya McMillan na Nyaraka za Taifa pale Nairobi, na kwa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed pamoja na mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu. Omba kwa mwezi na mwaka. Uliza kwanza kama picha zinaruhusiwa. Beba penseli badala ya kalamu ya wino, usilowanishe kidole kwa mate unapofunua, na kabla ya kupiga picha ya tangazo piga kichwa cha gazeti chenye tarehe. Nina picha za watu watatu ambazo siwezi tena kusema zilitoka toleo lipi, na zinaniuma.

Ukirudi nyuma ya 1960 mambo yanabadilika. East African Standard la enzi ya mkoloni liliwaandika zaidi Wazungu, na mwananchi wa kawaida humkuti. Jaribu magazeti ya Kiswahili: Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, na Mambo Leo la Tanganyika, lililoanza 1923, ambamo wasomaji wa wilayani walituma barua, habari na mashairi yao. Hapo unahitaji subira, maana tanzia inaweza kuwa mistari miwili ndani ya barua inayozungumzia mvua.

Halafu kuna redio, ambayo haikuacha karatasi. Wazee wa pande zote mbili za mpaka wanakumbuka sauti ile ya jioni, majina yakifuatana, na mwisho wake: habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Waulize nani alisikia tangazo la nani, na akiwa wapi. Alikosikilizia ndiko alikokuwa akiishi.

Nilipofika kwa watu wa Tabora, nilifika kwa simu, kupitia mstaafu wa reli aliyemjua mtu aliyemjua binti wa babu mdogo. Nakusihi usimwendee mtu kama huyo na ukoo wako uliochorwa tayari. Jitambulishe kwa babu yako, taja kijiji, kisha nyamaza umsikilize. Huenda yeye ni wa nyumba iliyoachwa nje ya tangazo, na wewe unampigia simu ukiwa na karatasi inayothibitisha hilo.

Huyu, ambaye sasa namwita shangazi, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, mlimzika wapi?" Baba yake alisikia jina la kaka yake redioni usiku ule, lakini mawimbi yalikatika kabla ya kutajwa mahali. Nikamwambia Sagalla, juu kidogo ya kanisa, chini ya mwembe. Akanyamaza, kisha nikamsikia akirudia kwa mtu aliyekuwa naye chumbani: "Sagalla. Chini ya mwembe."

Mwaka uliopita tulimzika dada mkubwa wa baba, yule shangazi aliyenieleza habari ya nyanya, na mimi ndiye niliyeandika tangazo lake. Niliweka kila binti kwa jina la nyumbani na la ndoa, nikaweka vijiji na majina ya mama zao. Kijana wa dirishani alipima, akaniambia nafasi imezidi na bei itapanda. Tukachanga palepale, wa Voi na wa Mombasa, na wa Tabora wakatuma kwa simu.