Wadogo zangu, msiishike saa ya seva kwa mkono

Juzi nimemkuta mmoja wenu mbele ya skrini, simu mkono wa kushoto, anavizia sekunde zifike sifuri abonyeze Enter kwenye `date -s`, amri ya kuipanga saa kwa mkono. Seva ya malipo, saa tano asubuhi, watu wanauza. Nilimwita kwa sauti iliyomgeuza hadi mlinzi wa getini. Naye kwa utulivu kabisa: "Kaka, saa imekimbia dakika mbili, naisawazisha."

Kila kundi jipya likija hapa lazima apatikane mmoja wa hivyo. Wala si uzembe, maana aliona tatizo akataka kulitibu, na wengine wenu hata saa hamuiangalii. Ila nimechoka kusimulia haya kwenye korido. Nayaandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

1. Kijani cha systemctl si jibu

Chrony ni programu inayoisawazisha saa ya seva kwa kuziuliza seva nyingine mtandaoni; chronyd ndiyo inayofanya kazi hiyo, chronyc ni ya kuihoji. `systemctl status chronyd` ikikuonyesha "active (running)", imekuambia programu iko hai. Basi. Haijakuambia kama imepata wa kumuuliza saa. Fungua `chronyc sources`. Chenye `^*` ndicho chanzo inachokifuata sasa hivi, chenye `^?` hakijapatikana au bado hakiaminiki. Safu ya Reach ikiwa 377, maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa (namba hiyo imeandikwa kwa msingi wa nane, msianze kuigawanya). Ikiwa 0, hakuna anayekujibu, na mara nyingi mchawi ni fayawoli (kichujio cha mtandao): UDP poti 123, mlango wa maswali ya saa, imefungwa. Kisha `chronyc tracking`, na usome mstari wa Leap status. Ukikuta "Not synchronised", saa inajiendea yenyewe.

Na saa inayojiendea haikai mahali. Fuwele kwenye ubao mama ikikosea sehemu 20 kwa milioni, jambo la kawaida kabisa, hiyo ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Unaipuuza. Kwa mwaka ni dakika 10 na ushee.

2. Mafahali wawili hawakai zizi moja

Mashine moja, msimamizi mmoja wa saa. Nimeshakuta chrony, systemd-timesyncd na zana za mashine pepe zote zinaivuta saa ileile, kila moja upande wake, na kijana amekaa anashangaa kwa nini tofauti inapanda na kushuka. Kwenye seva mimi natumia chrony. Timesyncd inatosha kwa kompyuta ya mezani, lakini inafuata chanzo kimoja kwa wakati mmoja na haina namna ya kumtambua mwongo, yaani chanzo chenye saa isiyo sahihi. Na ukisoma mwongozo wa zamani unaokuambia usakinishe ntpd (programu ya zamani ya kazi hiyohiyo) kwenye Linux ya Red Hat, jua kwamba toleo la 8 lilishaiondoa.

Kontena (programu iliyofungiwa kwenye boksi lake ndani ya seva) halina saa yake, linatumia ya mwenyeji. Acheni kuhangaika humo ndani.

3. Vyanzo viwe vinne

Vikiwa viwili na vikapishana, chrony haina wa kumwamini. Vitatu vinampata mwongo mmoja, cha nne ni kwa ajili ya siku kimoja kikizima. Huku kwetu andika kwenye faili ya mipangilio ya chrony `pool africa.pool.ntp.org iburst`, ukiongeza na zile za dunia nzima. Ukanda wa nchi moja unaweza kuwa na seva chache mno. Mashine ikiwa AWS (seva za kukodi za Amazon), tumia 169.254.169.123, haihitaji hata intaneti.

Msichanganye time.google.com na vyanzo vya kawaida kwenye faili moja. Sababu iko namba 6.

4. Kurusha saa na kuivuta

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo vumilieni.

Zamani nilikuwa mgeni kama ninyi kwenye kampuni moja ya kusambaza dawa yenye matawi kadhaa. Fayawoli ya tawi ilikuwa imebadilishwa kitambo, mwaka na zaidi. Aliyehamisha sheria akahamisha za wavuti, za barua pepe, za VPN, akaisahau UDP 123. Hakuna aliyejua, chronyd ilikuwa kijani siku zote. Taratibu seva ya kanzidata ya tawi ikakimbia mpaka ikawa mbele dakika 11. Hakuligundua mtu wa kompyuta. Aliligundua karani wa kaunta, baada ya mteja kumtania kwamba kwa mujibu wa risiti yeye bado hajafika dukani.

Nikaenda. Nikaipata poti, nikaifungua, vyanzo vikaanza kujibu, na chrony ikaanza kuivuta saa pole pole kama inavyotakiwa. Mimi kijana, damu inachemka, nikaona inanichelewesha. Nikaandika `chronyc makestep`. Ikanijibu "200 OK". Saa ikaruka nyuma dakika 11 kufumba na kufumbua. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupia kwenye kundi la WhatsApp la kazini, nikamwagiwa vidole gumba. Nilijiona fundi.

Nisichokijua ni kwamba kila dakika kulikuwa na programu inayoiuliza kanzidata ile: nipe mauzo yote yaliyoandikwa baada ya muda wa mwisho niliouona, niyapeleke makao makuu. Muda wa mwisho iliouona ulikuwa 10:51. Sasa saa ilikuwa inasoma 10:40. Kila kilichouzwa dakika 11 zilizofuata kikapigwa muhuri wa muda kati ya 10:40 na 10:51, nyuma ya alama ile, kwa hiyo kwa macho ya programu hakikuwa kipya. Haikulalamika, itaje kosa gani? Haikuona kitu. Ilipofika 10:51 kwa mara ya pili ikaendelea kupeleka mauzo kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni vitabu havikukutana. Katoni zilizokwishatoka mlangoni, makao makuu yakaziona bado ziko rafuni. Wakampigia simu mtunza stoo, mzee mmoja mtulivu, mtu wa msikitini, wakamuuliza dawa ziko wapi. Akasema zimeuzwa. Wakamwambia hazionekani. Mkaguzi akaja na daftari lake. Na mimi nilikuwa chumba cha pili, nakunywa chai, nawasikia, na haikunipitia hata kidogo kwamba mimi ndiye niliyezificha katoni zile. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kuirusha saa kulikuwa ujinga wa kutojua, lakini kukaa pale nikimwonea huruma mzee wa watu kama jirani aliyekuja kutoa pole!

Nililiona nilipofungua logi kwa ajili ya jambo jingine kabisa: mstari wa 10:51, halafu chini yake 10:40. Muda unarudi nyuma. Nikahisi baridi mgongoni. Nikamfuata mkaguzi, nikaeleza, nikaomba mauzo ya asubuhi ile yasukumwe upya kwa namba ya rekodi badala ya muda. Yakafika yote. Kisha nikaenda kwa mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaniuliza kama muda wa ziada aliokaa akihojiwa utalipwa.

Nilipaswa kufanya nini? Kuiacha. Kwa mipangilio ya kawaida chrony inaweza kuivuta saa kwa kasi isiyozidi sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde kwa kila sekunde, kwa hiyo dakika 11 zingeisha kwa zaidi kidogo ya saa mbili, bila sekunde hata moja kujirudia. (Ntpd ya zamani, kwa kasi yake ya sehemu 500 kwa milioni, ingehitaji siku 15.) Au, kama haraka ilikuwa ya kweli, kutangaza, kusimamisha programu zote usiku, kuirusha, kuziwasha upya.

Halafu kuna mtego mwingine. Kwenye faili mtakuta `makestep 1.0 3`. Maana yake: ruka kama tofauti inazidi sekunde 1, lakini kwenye masasisho matatu ya kwanza tu baada ya programu kuwaka. Kwa hiyo yule anayejisifu kwamba yeye hagusi `makestep`, yeye ana-restart chronyd tu, amefanya nilichofanya mimi.

Mnaoandika programu: cha kupima muda uliopita tumieni CLOCK_MONOTONIC (saa isiyorudi nyuma), na cha kupanga foleni ya rekodi tumieni namba zinazopanda.

5. Saa nane ipi?

Seva zote ziwe UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya yetu kwa saa tatu), mtumiaji aonyeshwe saa ya kwetu kwenye skrini yake. Lakini mkumbuke: usiku wa manane wetu ni 21:00 ya UTC. Ripoti ya "mauzo ya leo" iliyokatwa kwa UTC itapeleka mauzo ya saa saba na saa nane usiku kwenye jana, na mhasibu atawafuata.

Kama kuna sababu ya kuweka saa ya hapa, andika `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`, ni kanuni ileile. Usiguse majina ya Etc. Kuna kijana aliweka `Etc/GMT+3`, akiamini ndiyo sisi. Kwenye majina yale alama imegeuzwa: GMT+3 iko magharibi ya Greenwich, sisi ni `Etc/GMT-3`. Seva ikawa nyuma saa sita. Na unajua kwa nini hakuligundua kwa muda mrefu? Kwa sababu ilikuwa inasoma saa ya Kiswahili! Saa nane mchana, skrini inaonyesha 08:00. Saa tatu asubuhi, 03:00. Alikuwa anailinganisha na saa ya kichwani mwake, anaona iko sawasawa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakumbuka kwamba ankara zilikuwa zinatoka zikiwa na muda ule.

Ndugu yake wa pili aliambiwa nakala rudufu ya kanzidata ichukuliwe saa nane usiku. Akaandika kwenye cron (ratiba ya kazi za seva) `0 8 * * *`, yaani 08:00. Matawi yanafungua milango, diski inalia. Kwa hiyo kwenye makabidhiano ya zamu sitaki tena "seva ilianguka saa kumi". Andika 16:00 au 04:00, na ukanda wake, hata kama unamwandikia rafiki yako.

6. Sekunde ya nyongeza

Wengi wenu mlikuwa shuleni. Usiku wa kuamkia Julai 1, 2012, dunia iliongezewa sekunde moja, kwetu ikawa 02:59:60, na kiini cha Linux kikayumba: programu za Java na MySQL zikapandisha CPU mpaka juu bila kazi yoyote. Dawa ilikuwa `date -s "$(date)"`, yaani kuiambia mashine saa ileile iliyo nayo. Ndiyo, ile ile amri niliyomkaripia nayo mtu hapo juu. Siku ile iliruhusiwa.

Ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa 2016, na mwaka 2022 wakuu wa vipimo waliamua utaratibu huo ukomeshwe ifikapo 2035. Google huisambaza sekunde hiyo kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kuiingiza mara moja. Ndiyo maana siku yake vyanzo vyao na vya wengine vinapishana, na ukivichanganya chrony itakuwa inasikiliza simulizi mbili.

7. Dalili ambazo hazifanani na saa

Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji) hukataa tofauti ikizidi dakika 5, nayo hulalamika kwa lugha ambayo nusu yenu mtadhani ni nenosiri. Tarakimu sita za simu (zile za kuthibitisha unapoingia) hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo zikigoma kwa watu wote kwa pamoja, kosa liko kwenye seva. Cheti cha usalama cha tovuti kikidaiwa "bado hakijaanza kutumika", usikimbilie kununua kipya. Na wekeeni tahadhari kwenye `node_timex_sync_status`, kipimo cha kama saa imesawazishwa, ndani ya Prometheus (programu ya kufuatilia seva), ni mstari mmoja, sijui mnaogopa nini.

8. Betri

Mashine ikikatikiwa umeme na kuwaka ikiwa miaka kadhaa nyuma, betri ya ubao mama imekufa. Ikiwaka ikiwa mbele saa tatu kamili, mtu ameiacha saa ya maunzi (ile ya ubao mama) kwenye majira ya hapa, mara nyingi kwa sababu ya Windows iliyokuwemo zamani: `timedatectl set-local-rtc 0`, kisha hakikisha `rtcsync` ipo kwenye faili ya chrony. Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina kabisa saa ya betri, kwa hiyo zile za kwenye matawi zisianzishe programu ya mauzo kabla saa haijapatikana; `chronyc waitsync` ipo kwa kazi hiyo.

Betri za CR2032 ziko droo ya chini ya meza yangu. Anayechukua aandike kwenye daftari jina na seva anayoipelekea, maana najua nusu yake zinaishia kwenye rimoti za magari yenu.